Swali Nililosahau Kumuuliza Daktari wa Chumba Namba Nne

Wajukuu wangu mnaotumwa Kitale kumalizia udaktari, kabla hujauliza kodi ni ngapi, uliza maji huja siku gani. Hilo ni la kwanza. La pili, usiende kutafuta chumba umevaa koti jeupe. Mengine yanafuata, vuta kiti.

Naandika kwa sababu simu zenu haziishi. Niko huku Mabanga napalilia mahindi, simu inalia mfukoni: "Kukhu, mimi ni intani mpya, nimeambiwa wewe ndiye unajua vyumba." Mnaniita kukhu, nyanya, hata wale ambao hawatoki kwetu Bungoma, na mimi naitika. Nasimama katikati ya mistari na jembe langu, nafundisha mtu kutafuta nyumba mpaka jirani anadhani nimeanza kuongea na mahindi. Kazi hiyo nimeiacha. Magoti yalikataa kupanda ngazi ya tenki. Lakini vyumba bado navijua, na watu waliolala ndani nawajua vizuri zaidi, jina kwa jina.

Miaka ishirini na tatu nilikuwa keateka, mtunzaji wa ploti moja Kitale, vyumba kumi na viwili, dakika saba kwa miguu mpaka hospitali kubwa ukitembea kama mtu aliyeitwa. Mwenye ploti ni Mzee Ndiwa wa Kapsokwony, ambaye hushuka kutoka mlimani kwa pikipiki mara moja kwa mwezi akiwa amevaa makoti mawili. Yeye alikuwa na ploti, mimi nilikuwa na kelele zake. Kuonyesha chumba, kufungua maji, kufunga lango, kutenganisha wanawake wanaogombania kamba ya nguo, yote ni keateka.

Mtu wa Nairobi akisikia Kitale ni ghali atacheka. Mwache acheke, halafu aje atafute chumba karibu na hospitali. Hapo kila mlango unatakiwa na watu wanne: mwanafunzi wa chuo, karani, mfanyabiashara wa mahindi, na wewe daktari mdogo mwenye begi moja na mshahara wa kwanza ambao bado uko njiani, tena unatembea kwa miguu. Upande wa Kipsongo utapata cha bei ya chini, na watu wazuri wako huko, makaa yangu nilinunua huko miaka yote. Lakini wewe unaitwa saa yoyote. Umbali nao ni kodi, unalipa kwa miguu na kwa usingizi.

Sasa, koti jeupe. Daktari Mercy Achieng, msichana mrefu, mcheshi, alienda kuangalia chumba ploti ya jirani ametoka moja kwa moja wodini, kile kipimo cha kusikiliza kifua kinaning'inia shingoni. Asubuhi hiyo bei ilikuwa moja. Mwenye ploti alipoona kipimo, bei ikapanda kabla Mercy hajasema hodi. Akaja kwangu analalamika. Nikamwambia, mama, mwenye nyumba hukuangalia kuanzia viatu kwenda juu, wewe umemwonyesha shingo. Nenda na slipa. Enda umebeba sukuma wiki. Ukiulizwa kazi, sema unafanya hospitali, unyamaze hapo. Si uongo.

Nikampa chumba cha nyuma, kimya, ninajivunia. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilisahau kwamba nyuma ya ukuta ule kuna kanisa dogo la mabati, spika zake zinaangalia upande wetu. Mercy ametoka zamu ya usiku, anataka kulala mchana, na huko ibada ya mchana inawaka. Baada ya wiki akaja na macho mekundu. "Kukhu," akasema, "wiki hii nimeokoka mara tatu na sijafumba jicho hata moja." Nikambadilishia chumba. Tangu hapo nikawa nauliza spika zinaangalia wapi, na nyinyi mwulize. Watu wengine hulala wakati dunia imelala. Nyinyi hulala wakati dunia inasaga unga, inachomelea milango na kuimba.

Siku hizi mnatumiana picha kwa simu. Picha haina harufu. Picha haikuambii kwamba mabati hayana dari na saa saba mchana unaiva kama kiazi. Enda saa saba mwenyewe. Angalia chini ya ukuta kama kuna mstari wa matope, huo ni mvua ya mwaka jana imeandika jina lake. Fungua bomba, halafu usiridhike na maji, uliza mwanamke anayefua. Mwanamke aliye na nguo kwa beseni hana muda wa kukudanganya.

Haya yote nilifundishwa na Rosebela Nakhumicha, keateka aliyekuwa kwa ploti ile kabla yangu. Mwembamba, mweusi wa kupendeza, ana kicheko cha mwanaume. Aliniweka mwezi mzima nikimfuata nyuma kabla hajanipa ufunguo. Akiwa ananionyesha mlango alikuwa anasema: "Selina, mpangaji huja na mizigo miwili, ule wa kwa gari na ule wa nyumbani kwao. Huo wa pili ndio uulize kwanza." Kwa hivyo Rosebela hakuanza na kodi. Alianza na: unatoka wapi, baba ni nani, umeoa wapi ama unaoa wapi. Wapangaji walidhani ni umbea. Haukuwa umbea. Ploti yetu ilikuwa na bafu mbili tu na choo mbili, na nusu ya vyumba ni watu wa kwetu Bungoma. Na kwetu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, na kukutana mlango wa bafu, mmoja anaingia mwingine anatoka na povu shingoni, hiyo hata sitaki kuiandika. Ni heshima. Wengine wenu mnaiita mambo ya zamani, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atokee.

Miaka yote niliuliza swali hilo. Mara moja tu nikaliacha, na ndiyo hiyo nataka kuwaambia.

Daktari Emmanuel Wafula alikuja Ijumaa, mvua inanyesha, begi kichwani. Kijana wa Kimilili, mfupi, sauti ya chini. Alikuwa amekosa chumba Kitale, akawa analala Bungoma mjini kwa binamu yake na kuja kazini kila asubuhi. Hiyo safari mnaijua. Alikuwa upande wa upasuaji, miezi mitatu, na alishachelewa mara mbili. Daktari mkubwa wake akamwambia, bila kelele, na hapo ndipo unaogopa: "Ukichelewa mara ya tatu, miezi hii yote unairudia."

"Kukhu, nimetembea ploti tisa," akaniambia. "Zile ninaweza kulipa ziko mbali, zile ziko karibu siwezi kulipa."

Namba nne ilikuwa wazi, bei ya zamani, kwa sababu Mzee Ndiwa alikuwa hajashuka kuipandisha. Nikamtazama yule mtoto, maji yanamtiririka puani. Nikafurahi kupata daktari. Nikasema moyoni, hawa wamesoma, mambo ya bafu si yao. Nikampa ufunguo, nikamwambia maji ni Jumanne na Ijumaa. Swali la Rosebela sikuuliza.

Mzee Ndiwa akapiga simu. "Namba nne umempa nani?"

"Kijana anafanya kazi hospitali."

"Kufagia?"

"Akiambiwa afagie nafikiri atafagia."

Wiki tatu zilikuwa tamu. Emmanuel alikuwa anafika wodini mapema mpaka mlinzi akamwuliza kama amefukuzwa nyumbani. Na chumba namba saba kulikuwa na Mama Boaz. Jina lake Perpetua Nasambu, mjane, anauza mitumba ya watoto sokoni, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno. Siku ya tatu tangu daktari aingie, sufuria ya githeri ilimteleza Mama Boaz, ikamchoma mguu kutoka goti mpaka kifundo. Emmanuel akasikia yowe, akatoka mbio, akamwagilia maji baridi muda mrefu, akampeleka hospitali mwenyewe. Halafu kila jioni akawa anamfunga bandeji pale mlangoni, mama ameketi kwa kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli.

"Wewe mtoto mkono wako ni mwepesi," Mama Boaz anamwambia. "Mama yako alikulea na nini?"

"Na fimbo, mama."

"Ilifanya kazi."

Akawa anamwekea chai. Akawa anamgombeza kwa sababu ya soksi. Alisema mbele yangu, kwa masikio haya: "Mama Protus," ndivyo anavyoniita, "msichana atakayeolewa na huyu atakuwa amebarikiwa."

Mnaona tunapoenda.

Emmanuel alikuwa na mchumba, mwalimu huko Chwele. Wazee walishapelekana ujumbe, yeye mwenyewe alishaenda kujulikana kwa baba mdogo wa msichana, na mama ya msichana, kama desturi, hakutokea mbele yake; alisikia tu ni kijana wa watu wa Kimilili, jina na kazi aliwaachia wazee. Emmanuel naye alijua tu kwamba mama huyo anafanya biashara Kitale. Kitale gani, upande gani, mkwe hawezi kuuliza, unaulizaje anapolala mama mkwe? Na msichana naye, wiki zile tatu alimpata kwa simu mara mbili, na mara zote mbili daktari alilala katikati ya maneno.

Jumapili, kama saa nne. Emmanuel anatoka bafuni, taulo kiunoni, beseni mkononi, anapiga mluzi. Mama Boaz ameshanyoosha mguu kwa stuli anamngoja. Mimi niko langoni nachambua maharagwe. Anaingia msichana mrembo na mfuko wa ndizi.

"Hodi, kukhu. Nimekuja kuona mama, ati alichomeka."

Ni Irene, kitinda mimba wa Mama Boaz. Anageuka. Anaona taulo.

"Emmanuel?"

"Irene?"

Mama Boaz akacheka. "Kumbe mnajuana na daktari wangu?"

Irene akaweka ndizi chini polepole, kama mtu anayeweka mayai. "Mama," akasema. "Huyu ndiye yeye."

Beseni ikaanguka. Sijawahi kusikia beseni ya plastiki ikipiga kelele hivyo. Mama Boaz, ambaye wiki tatu alikuwa anatembea kwa kuvuta mguu, aliruka stuli kama mbuzi wa mlima, akaingia ndani, akafunga mlango na komeo. Daktari akarudi bafuni kinyumenyume. Akakaa huko karibu saa nzima. Nguo zake mimi ndiye nilizipitisha juu ya mlango, moja moja, na suruali ya kwanza nilimpa ilikuwa ya mtu wa namba kumi, niliianua kwenye kamba isiyokuwa yake kwa sababu ya wasiwasi.

Mnaweza kucheka. Chebet wa namba tano alicheka mpaka akakaa chini, na yeye ni wa mlimani, Kapsokwony. Lakini Emmanuel alipotoka hakuwa anacheka.

"Kukhu, nimeona mguu wake. Wiki tatu."

"Umeutibu."

"Nimeuona." Akaanza kukunja shuka. "Nahama leo."

"Unahamia wapi?"

"Bungoma. Kwa binamu."

"Na daktari mkubwa wako?"

Aliendelea kukunja shuka ileile, ikawa ndogo kama leso.

Nikaenda mlango wa namba saba. Mama Boaz akaongea kupitia tundu la komeo.

"Asihame! Nikimfukuza mkwe kwa sababu ya bafu, watu wa Kimilili watasema nini? Watasema mama ya Irene ana ukali, ndoa imeharibika hata kabla ya ng'ombe wa mahari."

"Basi utahama wewe?"

"Na mguu huu? Na mkwe akisikika amemtoa mama mkwe kwa nyumba? Mama Protus, wewe ndiye keateka. Hukumuuliza anaoa wapi?"

Nilihisi Rosebela amesimama nyuma yangu mikono kiunoni.

Siku mbili tulijaribu ujinga wangu. Chebet alikaa mlangoni na sufuria na mwiko. Emmanuel akitaka kutoka, Chebet anapiga mara moja, Mama Boaz anajifungia. Mama akitaka kwenda choo, anapiga mara mbili, daktari anajifungia. Ploti nzima ikawa kama shule. Mtu wa namba kumi, ambaye hana mama mkwe wala mke, naye akawa anajifungia kwa woga. Jumanne asubuhi Chebet alikuwa amelala. Emmanuel anachungulia, anaona Mama Boaz anaota jua na mguu wake katikati ya uwanja, ameelekea mlango wa namba nne kabisa. Anangoja. Mama haondoki. Wodini wanaanza saa moja na nusu, na imebaki dakika kumi. Hawezi kupita, hawezi kukohoa. Akatoka kwa dirisha la nyuma, akaangukia sukuma wiki ya jirani, akakimbia. Alifika dakika moja mbele ya daktari mkubwa, na tope mpaka magotini. Daktari mkubwa akamwangalia suruali, akamwuliza kama sasa analala shambani.

Alinisimulia jioni akijaribu kutabasamu, na tabasamu halikushika. Nikajua hiyo ni mara ya mwisho dirisha litamwokoa. Na mimi ndiye nilimweka hapo.

Chumba cha keateka ni cha langoni. Kinafungukia barabarani, si uwanjani, na kina bafu yake ndogo kwa nyuma, Mzee Ndiwa alinijengea ili nisiache lango nikienda kuoga. Kati yake na uwanja kuna ukuta wa mabati. Nimelala humo miaka mingi, siwezi kukudanganya nilikitoa kwa furaha. Keateka asiye langoni ni mpangaji tu, na huyo anaweza kuondolewa. Lakini Jumanne hiyohiyo nilibeba godoro langu nikaingia namba nne, na Emmanuel akaingia langoni. Mama Boaz tukamwekea sheria moja: akitaka kutoka kwenda soko, anakohoa mara mbili kabla ya kupita.

Jumatano, Mzee Ndiwa akashuka. Makoti mawili. Akagonga mlango wa langoni, hakuna mtu. Akanikuta namba nne natundika pazia.

"Selina. Unafanya nini huko ndani?"

Nikamweleza kila kitu, kuanzia beseni. Kwanza akacheka, hata kwao mlimani mama mkwe si mtu wa kuzoea. Halafu akaacha kucheka.

"Huyu kijana ni nani hasa?"

"Daktari."

"Uliniambia anafagia."

"Wewe ndiye ulisema kufagia, mzee."

"Daktari!" Akavua koti la juu. Akivua koti la juu, kuna maneno. "Nimewekewa daktari kwa bei ya mfagiaji. Halafu keateka wangu anahama lango bila kuniuliza. Sasa lango langu linafungwa na nani? Mimi nitarudisha kila mtu mahali pake, daktari alipe kama daktari, ama aende. Na wewe, Selina, kama lango limekushinda, sema."

Miaka yangu yote ilikuwa pale langoni. Ndipo lango likalia. Ni Emmanuel, anatoka zamu ya usiku na nusu ya asubuhi. Mama Boaz alikuwa sokoni, na usingizi umemsahaulisha kijana kwamba amehama; akaingia uwanjani, akageuka akafunga komeo vizuri, akavuta kufuli kuhakikisha. Akaona bomba la uwanjani linadondoka, akalikaza. Akaokota pini ya nguo ya mtu, akairudisha kwa kamba. Hakutuona. Halafu akatuona.

"Shikamoo mzee," akasema, akaketi kwa ngazi ya namba nne avue viatu. Kiatu cha kwanza kikatoka. Cha pili hakikutoka. Daktari alikuwa amelala, mkono umeshika kamba ya kiatu.

Mzee Ndiwa akamwangalia muda mrefu. Akashusha sauti, na mimi sikujua ana sauti ya chini.

"Huyu ndiye daktari?"

"Ndiye."

"Mbona anafanana na mtu ametoka kuchimba mtaro?"

"Huko ndiko hutoka, mzee. Anatoka saa tisa usiku, anarudi saa sita mchana, kesho anaondoka magharibi. Unataka lango lako lilindwe na nani, mimi ninayelala saa tatu kama kuku, ama mtu ambaye hajui kulala?"

Mzee akainama, akamvuta kiatu cha pili polepole, akakiweka kando ya kile kingine. Sikutegemea hilo. Akavaa koti lake.

"Wewe utaangalia ndani," akaniambia. "Yeye ataangalia lango na mita ya maji. Kodi atoe kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu ni kazi. Na asikie vizuri: mita ikikosewa namtoa."

"Nitamwambia akiamka."

"Usimwamshe," akasema Mzee Ndiwa, na akatoka akifunga lango bila mlio.

Nyinyi mnatafuta chumba cha bei ya chini, sawa. Lakini angalia pia ploti ina shida gani ambayo wewe unaweza kuibeba. Daktari Mercy nilimpunguzia kwa sababu alijua kuandika barua za kampuni ya maji. Mwingine, Daktari Hillary, alikuwa anapanda tenki kunisaidia. Mwenye ploti ni mtu, naye ana kitu kinachomnyima usingizi.

Mguu wa Mama Boaz ulibaki. Daktari hawezi tena kuugusa, na mama hataki daktari mwingine, ati mikono yao ni mizito. Basi kila jioni mimi ndiye nilikuwa nafunga bandeji, mama ameketi upande wa uwanjani, Emmanuel amesimama upande wake wa mabati, haoni kitu.

"Kukhu, leo iko rangi gani?"

"Nyekundu kama nyanya."

"Nyanya imeiva ama bado?"

"Inaelekea."

"Mwambie inawasha," anasema Mama Boaz.

"Amesema inawasha."

"Nimesikia, kukhu. Ikiwasha inapona, asiikune."

"Amesema usikune."

"Nimesikia," anasema Mama Boaz. "Mwambie soksi zake zinanuka mpaka huku."

Nilifunga mguu ule mpaka ukapona, na mkono wangu ukawa mwepesi kidogo.

Emmanuel hakuchelewa tena. Alimaliza miezi ya upasuaji, akapita, akahamia wodi ya watoto, akamaliza mwaka mzima akiwa langoni. Mita ya maji haikukosewa hata mara moja, aliisoma kama anavyosoma mgonjwa. Siku aliyotumwa hospitali nyingine alipanga vitu vyake, begi moja limekuwa masanduku matatu, akanirudishia ufunguo. Nikasikia mabati yanagongwa kwa kidole kutoka uwanjani. Mwaka mzima Mama Boaz hakuwa amemsemesha yeye mwenyewe, yote yalipitia kwangu. Emmanuel akasimama wima, akainamisha kichwa, kana kwamba mabati yana macho.

"Mwanangu," Mama Boaz akasema. "Hapa ulilala vizuri?"

"Nililala, mama."

"Hukuchelewa kazini?"

"Hata siku moja."

Niliona kivuli cha miguu miwili ya mama chini ya mabati, yote imekanyaga sawa.

"Basi waambie wazee wenu waje," akasema, akaenda zake soko. Siku hiyo hakukohoa.

Jioni lango nilifunga mimi.